Mpiga Litungu Hakai Shimoni

Kila anayezungumzia sanaa ya mkoa wa Mara humalizia na ombi lilelile: tunahitaji ukumbi. Nimelisikia darasani tangu nianze shahada ya uzamili, nimelisikia kwenye basi la Musoma kwenda Tarime, nimelisikia kwa wagombea wa udiwani. Ukumbi wa kisasa, wenye viti vya kukunja, pazia jekundu, taa zinazoning'inia darini. Wengine wanautaka Tarime mjini, wengine Mugumu, kwa sababu watalii wa Serengeti wanapita hapo. Wenye picha kwenye simu hukuonyesha majumba ya Ulaya ambako watu huvaa suti kwenda kutazama baleti na opera. Kisha huongeza kwa uchungu kwamba Tanzania, miaka zaidi ya 60 baada ya Uhuru, haina hata jumba la taifa la maonyesho.

Ni kweli, haina. Nami naomba Tarime na Serengeti zisiwe za kwanza kujengewa.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na baleti. Watoto wa Kibera, Nairobi, wamejifunza baleti na kuicheza vizuri, na anayewaambia si sanaa yao anajisumbua. Ugomvi wangu ni na jengo, na imani kwamba jengo halina upande.

Jumba la baleti na opera si chumba kikubwa unachoweza kuweka chochote ndani yake, kama ghala la pamba. Ni chombo, na kila kipande chake kimechongwa kwa kazi fulani. Jukwaa liko upande mmoja na limezungushiwa fremu kama ya dirisha, ili kila mtu atazame kutoka mbele. Mcheza baleti huupanga mwili wake kwa ajili ya dirisha hilo. Chini, mbele ya jukwaa, kuna shimo la wapiga ala, maana kwenye opera mwimbaji ni wa kuonekana na mpiga fidla ni wa kusikika tu. Watazamaji huketi safu kwa safu, kila mmoja akitazama kisogo cha aliye mbele yake, na taa zao huzimwa. Giza hilo hata Ulaya si la kale kama tunavyodhani. Richard Wagner alipofungua jumba lake la Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876, aliwaficha wapiga ala shimoni na kuwazimia taa watazamaji ili waache kutazamana. Kabla ya hapo matajiri walikwenda opera kutazamana hasa, na naona walikuwa na akili.

Sasa mlete mpiga litungu ndani ya jumba hilo. Litungu, ambalo sisi Wakurya tunaliita iritungu, lina nyuzi nane na sauti nzito inayonguruma, sauti ambayo tumbo huipokea kabla ya sikio. Mpigaji hukaa kwenye kigoda, watu wamemzunguka, na huimba huku anawatazama. Anatafuta majina. Akimwona mtu anamtaja, anamtaja na baba yake, anautaja ukoo, anaukumbusha jambo, na mara nyingine ni jambo ambalo ukoo ulitaka lisahaulike. Aliyetajwa husimama, hutoka mbele na noti, hutuza, hudai na shemeji yake naye atajwe. Wimbo hauna urefu wake wenyewe. Waliopo ndio wanaourefusha. Nilipomuuliza baba mkubwa, aliyepiga litungu kwenye sherehe za upande wetu kwa miaka mingi, wimbo fulani huchukua dakika ngapi, alidhani namtania.

Wazimie watu hao taa, na mpigaji hana wa kumtaja. Waketishe safu kwa safu, na aliyetajwa itabidi aombe njia katikati ya magoti ya watu kumi na wawili ili akatuze, huku mlinzi akimwambia arudi kwenye kiti chake. Mchezaji mwenye njuga miguuni naye anataka ardhi inayojibu na watu pande zote, maana anayemtazama kutoka nyuma ndiye atakayeingia baada yake. Jukwaani, nyuma yake kuna ukuta. Na mpiga litungu mwenyewe, katika mpango wa jengo, mahali pake pamekwisha kuamuliwa: shimoni.

Utaniambia hayo yanarekebishika. Wasizime taa, waondoe viti vya mbele, wafunike shimo kwa mbao. Ndiyo, na ukimaliza kuondoa, kufunika na kuwasha, utakuwa umelipa mabilioni ili ukaribie kiwanja cha shule ya msingi.

Kuna wanaosikia hoja kama hii na kuona ni ushamba, kwamba tunaukataa ulimwengu. Hao nawapeleka Butiama, mwendo wa saa chache tu kutoka kwetu. Mtu maarufu kuliko wote waliozaliwa Mara, Julius Nyerere, alitafsiri michezo miwili ya Shakespeare kwa Kiswahili: Juliasi Kaizari, iliyotoka mwaka 1963 na kurudiwa kwa marekebisho mwaka 1969, na Mabepari wa Venisi. Watu wengi hudhani michezo hiyo ndiyo yenye haki ya kudai jumba lenye pazia. Lakini Shakespeare hakuandika kwa ajili ya pazia. Jukwaa la Globe mjini London lilitokeza katikati ya watu, watazamaji wa senti moja wakasimama pande tatu chini ya anga wazi, mchana, wakionekana na kuonana. Thomas Platter, msafiri kutoka Uswisi, alitazama mchezo wa Julius Caesar huko London mwezi Septemba 1599, na jambo aliloliandika kwa kupendezwa ni kwamba mchezo ulipoisha waigizaji walicheza ngoma, wawili wamevaa kiume na wawili kike. Kaisari ameuawa, Bruto amejiua, na watu wanacheza. Kwa Mkurya hilo halihitaji maelezo. Kwa hiyo hata huyo tunayeambiwa tumjengee jumba angekaa vizuri zaidi Nyamwaga, kiwanjani, kuliko kwenye ukumbi wa viti vya kukunja.

Kuhusu jengo lenyewe hatuna haja ya kwenda Ulaya kujifunza. Ukivuka mpaka pale Sirari asubuhi, jioni uko Nairobi, mji ulio karibu na Tarime kuliko Dar es Salaam ilivyo. Kule kuna Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza wa Kenya. Ulifunguliwa Novemba 1952, wiki mbili na ushee baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari, na mgeni rasmi alikuwa Ralph Richardson, mwigizaji kutoka Uingereza. Fikiria mpangilio huo. Waafrika wanakusanywa kwa malori, na upande wa pili wa mji watu wanakata utepe. Ng'ambo ya barabara iko Hoteli ya Norfolk, kijiwe cha walowezi tangu 1904. Mwaka 1922, watu waliokusanyika karibu na hapo kudai Harry Thuku aachiwe walipigwa risasi, na inasimuliwa kwamba walowezi waliokuwa barazani Norfolk walisaidia kufyatua. Ukumbi wenye jina la taifa ulijengwa ukitazamana na baraza hiyo.

Uhuru ukaja mwaka 1963. Bendera ikabadilishwa, ukumbi haukubadilishwa, kwa sababu jina lake tayari lilisikika zuri. Miaka 13 baadaye, Kenya ikachagua michezo miwili ya kuiwakilisha kwenye FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililofanyika Lagos mapema mwaka 1977. Mmoja ulikuwa Betrayal in the City wa Francis Imbuga. Wa pili ulikuwa The Trial of Dedan Kimathi, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, ambao wasomaji wa Kiswahili tunaujua kama Mzalendo Kimathi. Waandaaji wakaomba kuionyesha nyumbani kwanza, mwezi Oktoba 1976. Uongozi wa ukumbi ukajibu kwamba nafasi imejaa. Kulikuwa na mchezo wa kuchekesha wa Kimarekani, A Funny Thing Happened on the Way to the Forum. Na kulikuwa na baleti kutoka Ufaransa.

Baada ya mvutano, michezo miwili ya taifa ilipewa siku nne nne, ikabanwa katikati ya wageni, ndani ya ukumbi wa taifa. Ngũgĩ ameandika kwamba yeye na mwongozaji, Seth Adagala, waliitwa makao makuu ya upelelezi kuulizwa kwa nini wanaingilia maonyesho ya Wazungu. Polisi, kwa ajili ya ratiba!

Watu wengi husimulia kisa hiki kama kisa cha ubaguzi, kwamba bodi ilikuwa na wageni, wageni wakapendelea wageni, ukiweka wazalendo kwenye bodi mambo yanakwisha. Mimi nakisoma vingine. Bodi ile haikuwa na haja ya kumchukia mtu. Ilikuwa na jengo la kulisha. Jumba lenye jukwaa la fremu, mashine za taa, viti vya kulipia na paa la kukarabati huhitaji maonyesho yanayoanza saa iliyoandikwa kwenye tiketi, yanayoisha mapema, yanayoweza kurudiwa vilevile kesho, na yenye wateja wa kulipa. Baleti ya kusafiri ina sifa zote hizo. Inafika na masanduku yake, inajua jukwaa lina mita ngapi, inaondoka. Hata ukibadilisha majina ya wajumbe wote, jengo litaendelea kudai chakula kilekile, na wazalendo watakaa mezani kukitafuta.

Kisha kikatokea ambacho jengo halikukijengewa. Ngũgĩ ameeleza jinsi watazamaji wa mchezo wa Kimathi walivyoinuka mwishoni, wakaingia kwenye wimbo pamoja na waigizaji, wakatoka nao mlangoni hadi barabarani, wakicheza kuelekea Norfolk, mpaka polisi wakawazuia. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu maktaba. Watu wamelipa viti, wameketi kama walivyoelekezwa, na bado duara limetafuta pa kujitengeneza, likapapata pale ambapo ramani ya jengo ilichora lami.

Mwaka uliofuata Ngũgĩ hakurudi kuomba siku nyingine nne. Alikuwa Kamirithu, Limuru, kijijini kwake, ambako wanakijiji walijijengea wenyewe jukwaa la wazi lenye nafasi ya watu zaidi ya elfu mbili. Mazoezi yalifanyika hadharani, na waliopita njiani wakawasahihisha waandishi Kikuyu chao. Mchezo wa Ngaahika Ndeenda, alioandika na Ngũgĩ wa Mirii, ukaanza kuonyeshwa Oktoba 1977. Novemba serikali ikafuta kibali. Desemba 31 Ngũgĩ akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1982 jukwaa la Kamirithu likabomolewa na polisi. Ukumbi wa mjini, ule wa 1952, haujawahi kubomolewa na mtu. Ulifanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya mwaka 2015, na sherehe ikafana.

Kwa hiyo sidanganyi kwamba kiwanja kina usalama kuliko jumba. Hakina. Lakini kuta nazo hazimlindi mtu. Kampala ilijengewa jumba lake mwaka 1959, jengo la kisasa la zege, zuri kuliko la Nairobi kwa macho yangu. Byron Kawadwa alikuwa mkurugenzi wake wa sanaa, na aliupeleka mchezo wake wa kuimba, Oluyimba lwa Wankoko, kwenye tamasha lilelile la Lagos. Aliporudi, watu wa Idi Amin walimchukua na kumuua, mwaka huohuo wa 1977. Pazia na shimo la wapiga ala havikumsaidia.

Na sisi Watanzania, tusiokuwa na jumba, tumefanya nini? Desemba 1962, akilihutubia Bunge kama Rais, Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akisikitika kwamba waliosoma walijua ngoma za Wazungu kuliko za kwao. Maneno mazuri. Kilichofuata ni kwamba ngoma ilitolewa kwenye duara ikapangwa mstari: mstari wa kumpokea mgeni uwanja wa ndege, mstari wa mbele ya jukwaa kuu siku ya sherehe ya taifa, dakika tano, asanteni, piteni kushoto. Bagamoyo tulianzisha chuo cha sanaa mwaka 1981, na chuo hicho kimefunza watu hodari. Ukumbi wake uliteketea kwa moto mwaka 2002, ukajengwa mwingine, na unapendeza. Ila ngoma ya kwetu ikifika pale inafika kama kipande kwenye orodha ya vipande, kati ya ngoma ya kusini na sarakasi. Kwenye hoteli za Serengeti ni robo saa kabla ya chakula cha jioni, wageni wamekaa upande mmoja, wachezaji upande mwingine. Yaani lile dirisha la baleti tumekwisha kulijenga, bila hata saruji. Kikundi kinalipwa, na simlaumu anayekwenda kulipwa. Namlaumu anayetaka kuligeuza dirisha hilo kuwa jengo la kudumu na kuliita utamaduni wa Mara.

Inabaki hoja moja nzito, nami ni mwanamke wa Tarime, siwezi kuikwepa. Husemwa hivi: ngoma zenu zimefungamana na ukeketaji, ziko kwenye msafara wa Desemba, ziko nyuma ya kisu. Zipelekeni ukumbini, zitenganisheni na uovu, zibaki sanaa safi. Wanaosema hivyo wengi wao wana nia njema, na wana ushahidi. Ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu sheria ya 1998, na bado msimu ukifika nyumba salama za Mugumu na Masanga hupokea wasichana waliokimbia kwao usiku. Nyimbo za kumcheka msichana asiyekeketwa zipo. Nimezisikia, na nilijua zinamhusu nani.

Lakini ngoma ikihamishiwa ukumbini, wimbo ule haufi. Ukumbini hautaimbwa, kwa sababu mratibu atauondoa kwenye programu, mgeni rasmi asije akauliza maana yake. Utabaki njiani, kwenye msafara, ukiimbwa na wale wale bila mtu wa kuujibu, kwa sababu wenye sauti nzuri na wenye kupinga watakuwa mjini wakifanya mazoezi ya dakika tano. Nimewasikia pia wasichana wakiuchukua wimbo huo, sauti ileile, makofi yaleyale, wakaupachika maneno mengine, na mwanamume aliyetajwa ndani yake akainamisha kichwa mbele ya wakwe zake. Alikuwepo, alionekana, ilikuwa mchana. Mtu huyo ukumbini angekuwa gizani, kiti cha nyuma, na angepiga makofi kwa adabu.

Ninachokitaka kwa wilaya hizi mbili kina gharama ndogo na ugumu mkubwa. Nataka ardhi. Tarime na Serengeti ardhi ina wenyewe wengi: hifadhi ina mipaka yake, eneo la wanyamapori la Ikona lina mipaka yake, mgodi wa Nyamongo una uzio wake, na mji unapima viwanja kila mwaka. Uwanja wa kukusanyikia hauna karatasi. Ulikuwa pale kwa sababu watu walikuwa wanakuja pale, mpaka siku mtu anapomwaga mawe ya msingi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja, na mipango ya matumizi ya ardhi inatenga malisho, makaburi, shule na zahanati. Sijaona sababu kiwanja cha ngoma kisitengwe kwa mpango huohuo, na mipaka yake ikapandwa miti. Kikipata bomba la maji, vyoo viwili na taa moja kubwa ya kumulika watu wote, wanaocheza na wanaotazama, kimepata kila kitu. Fedha zinazobaki wapewe wachonga litungu, maana wanaojua kuliwamba ngozi likalia sawasawa wamebaki wazee, na hakuna kijana atakayekaa miezi akijifunza kazi isiyomnunulia sare za watoto.

Ratiba ikae kwa kijiji, daftari la kawaida, kwa mtu anayejulikana. Wafaransa wakitaka kuja na baleti yao waje, waandikwe tarehe kama wengine, wacheze mchana katikati ya duara, na wakitajwa na mpiga litungu wajiandae kutuza.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, na mwanakijiji yeyote mtu mzima anaruhusiwa kupendekeza ajenda. Ya kwangu nimeiandika kwa mkono, mistari minne, namba za mipaka nimeacha wazi mpaka tupite na kamba.